Mashua za Hati: Vita vya Makasia Kandokando ya New York, 1776–1783

Marehemu bibi yangu wa Pangani aliita kila kitambaa kizito cha pamba kisichotiwa rangi "merikani", hata kama kilifumwa Dar es Salaam. Sikujiuliza asili ya jina hilo mpaka nilipokuwa mtu mzima, niliposoma kwamba kitambaa cha kwanza kuitwa hivyo kililetwa Unguja na meli za wafanyabiashara wa Massachusetts, wengi wao wakiwa watu wa mji mdogo wa bandari uitwao Salem. Kwamba Sayyid Said alitiliana mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833. Na kwamba balozi mdogo wa kwanza wa Marekani huko Unguja, Richard Waters, aliyeanza kazi mwaka 1837, alikuwa mzaliwa wa Salem. Nilitaka kujua watu hao walipata wapi meli, mtaji na uzoefu wa kwenda mbali kiasi hicho, na jibu likanirudisha miaka 60 nyuma, kwenye vita vya makoloni 13 ya Marekani dhidi ya Mfalme wa Uingereza. Tajiri mkubwa wa Salem, Elias Hasket Derby, alijijenga zaidi katika vita hivyo kwa meli zake binafsi zilizoruhusiwa kuteka meli za adui. Mojawapo, Grand Turk, iliyoundwa mwaka 1781, ilikwenda baadaye mpaka Canton nchini China.

Hata hivyo, si Grand Turk iliyonishika. Kilichonishika ni vyombo vidogo mno kuliko hiyo, mashua za makasia zisizo na sitaha, zilizopigana vita vyao katika maji membamba yanayouzunguka mji wa New York, mahali ambapo mtu aliweza kuona moshi wa jiko la adui yake upande wa pili wa bahari.

Kiswahili hakina neno moja la kazi hiyo. Haramia tunamjua, na askari wa jeshi la majini tunamjua, lakini huyu alisimama katikati yao. Alikuwa raia mwenye chombo chake mwenyewe, na serikali yake ilimpa hati ya kuteka vyombo vya adui, kisha akaruhusiwa kugawana ngawira na mabaharia wake badala ya kulipwa mshahara. Katika makala haya nitaviita vyombo vyao mashua za hati, kwa sababu hati ndiyo iliyomtenga mwenye chombo na kitanzi cha haramia. Kongresi ya Bara, baraza lililoyaongoza makoloni hayo vitani, iliidhinisha utaratibu huo tarehe 23 Machi 1776, na hadi vita vinakwisha ilikuwa imetoa hati takriban 1,700, mbali na zile zilizotolewa na majimbo yenyewe.

Ili kuelewa kwa nini mashua ndogo zilikuwa na nguvu, lazima kwanza tuyatazame maji yenyewe. Waingereza waliuteka mji wa New York Septemba 1776, nao hawakuondoka mpaka tarehe 25 Novemba 1783. Kwa miaka hiyo yote mji uliishi kwa kuletewa vitu kwa njia ya maji: nafaka, kuni, nyama, majani makavu ya farasi, na kila kilichotoka Uingereza. Kusini ya mji kuna ghuba ya Raritan, nayo inalindwa na ulimi wa mchanga uitwao Sandy Hook, ambako meli zilitia nanga zikisubiri upepo na maji. Mashariki kuna mlango wa bahari mrefu unaokitenga kisiwa cha Long Island na pwani ya Connecticut, ambao hata panapopanuka sana upana wake ni maili 20 hivi. Chini zaidi, pwani ya New Jersey imezibwa na visiwa vyembamba vya mchanga, na nyuma yake kuna mahori, vijito na vinamasi ambavyo mgeni hawezi kuvipita bila rubani.

Mtu aliyekulia mlangoni mwa mto Pangani hahitaji kuelezwa sana jambo hili. Nimeona jahazi lililojaa likikaa nje saa nzima likingoja maji yajae ili livuke mafungu, huku ngalawa zikiingia na kutoka kana kwamba fungu halipo. Pwani ya New Jersey ilikuwa hivyo hivyo, isipokuwa jahazi lililongoja nje lilikuwa manowari ya Mfalme yenye mizinga 20 au zaidi, na aliyekuwa ndani ya hori alikuwa mvuvi mwenye bunduki.

Chombo alichokitumia mara nyingi kilikuwa mashua ya kuwindia nyangumi. Watu wa Long Island na Connecticut walikuwa wakiwinda nyangumi kwa vizazi, na mashua walizoziunda kwa kazi hiyo zikafaa vita bila kubadilishwa sana. Zilikuwa ndefu na nyembamba, za mbao nyepesi, zimechongoka omo na tezi, hivyo mabaharia walipotaka kurudi nyuma hawakuhitaji kugeuza chombo bali waligeuza makasia tu. Kubwa zake zilichukua watu zaidi ya 20. Omo walifunga mzinga mdogo unaozungushwa juu ya mhimili wake, na silaha nyingine zilikuwa bunduki, mikuki na mapanga. Hakuna mzinga wa meli kubwa ulioweza kuinamishwa chini kiasi cha kuipiga mashua iliyokwisha kufika ubavuni, na usiku wa giza mashua hiyo haikuonekana mpaka ifike hapo.

Kulikuwa na jambo moja tu la kuisaliti, nalo ni sauti. Mjomba wangu, aliyenifundisha kupiga makasia, alikuwa akisema kwamba usiku shwari kishwara kikavu kinasikika ng'ambo ya mto, na ni kweli: kasia likisuguana na kamba yake hutoa mlio mfupi, wa kukwaruza, unaorudi kwa kila pigo. Mabaharia wa mashua za nyangumi walizungushia makasia yao vitambaa pale yalipogusana na ubavu wa chombo, wakaenda bila kusema. Ninapowafikiria watu hao, kabla ya kufikiria bunduki zao ninafikiria matambara hayo yaliyoloa maji ya chumvi, na mikono iliyoyafunga jioni ikijua itakwenda wapi usiku.

Wepesi wa mashua hizo ulionekana wazi Mei 1777. Ule haukuwa uvamizi wa watu wa hati bali wa jeshi, lakini mashua na maji yalikuwa yale yale. Luteni Kanali Return Jonathan Meigs aliondoka Guilford, Connecticut, mchana wa tarehe 23 akiwa na watu 170 na mashua 13 za nyangumi. Walipofika rasi ya kaskazini ya Long Island hawakuizunguka, kwa kuwa kuizunguka kungewapeleka mbele ya manowari. Walizitoa mashua 11 majini, wakazibeba mabegani kuvuka nchi kavu, wakazishusha upande wa pili na kuendelea kupiga makasia mpaka karibu na Sag Harbor, ambako Waingereza walihifadhi vyakula na majani ya farasi. Saa 8 usiku walishambulia, wakachoma vyombo 12, wakachukua mateka 90, na saa 8 mchana wa tarehe 24 walikuwa wamerudi Guilford. Walikuwa wametumia saa 25 kwenda na kurudi, na hawakupoteza mtu hata mmoja. Kongresi ilimtunukia Meigs upanga.

Sasa nirudi kwenye hati, maana hapo ndipo moyo wa jambo ulipo. Haikuwa karatasi ya kupewa mtu yeyote aliyeomba. Mwenye chombo cha tani 100 au pungufu aliweka dhamana ya dola 5,000, na mwenye chombo kikubwa zaidi dola 10,000, fedha ambazo angezipoteza kama angevunja masharti. Masharti yenyewe yalitolewa tarehe 3 Aprili 1776 chini ya sahihi ya John Hancock, rais wa Kongresi. Nahodha alitakiwa kupeleka kila chombo alichokiteka mbele ya mahakama ya mambo ya bahari, wala hakuruhusiwa kuuza wala kugawa chochote kabla ya hukumu. Alikatazwa kuwaua au kuwatesa mateka, na akaonywa kwamba atakayefanya hivyo ataadhibiwa vikali. Sharti moja lilinishangaza: angalau theluthi moja ya watu wake walipaswa kuwa watu wa bara, wasio mabaharia. Kongresi iliogopa kwamba tamaa ya ngawira ingewavuta mabaharia wote na kuliacha jeshi lake la majini bila watu, na hofu hiyo ilikuwa na msingi, kwa kuwa jeshi lililipa mshahara mdogo ilhali chombo kimoja kilichotekwa kingeweza kumpa baharia wa hati mapato ya miaka kadhaa katika usiku mmoja.

Lakini hati ina nguvu kwa anayeikubali tu. Kwa Waingereza, Kongresi haikuwa serikali bali kundi la waasi, na hati zake hazikuwa na thamani. Mwaka 1777 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria iliyoruhusu watu waliokamatwa baharini wakiwa na hati hizo wafungwe bila dhamana kwa tuhuma za uhaini au uharamia. Mvuvi aliyeondoka nyumbani kwake akiwa askari halali wa nchi yake aligeuka haramia mara mkono wa adui ulipomgusa, na karatasi aliyoivika nta na kuificha kifuani haikubadilisha lolote.

Hata upande wa Marekani wenyewe hati na hukumu vilizua magomvi marefu. Septemba 1778 watu wanne wa Connecticut, wakiongozwa na Gideon Olmsted, walikuwa mateka ndani ya merikebu ndogo iitwayo Active, wakilazimishwa na Waingereza kuiendesha kutoka Jamaika kwenda New York ikiwa na shehena ya jeshi. Usiku mmoja waliwafungia nahodha na watu wake chini ya sitaha, ingawa wao walikuwa wachache, wakaishika merikebu. Waliofungiwa chini waliyeyusha vijiko na kutengeneza risasi, kisha wakaukaza usukani kutokea ndani ili chombo kisiende popote, mpaka njaa na kiu vikawafanya wakubaliane. Walipokuwa wanakaribia Little Egg Harbor, pwani ya New Jersey, chombo cha vita cha Pennsylvania kiitwacho Convention kikawatokea, kikiambatana na chombo cha hati kiitwacho Gerard, vikadai kwamba ngawira ni yao. Mahakama ya Philadelphia ikampa Olmsted na wenzake robo tu. Kamati ya rufaa ya Kongresi ikawapa haki yote, Pennsylvania ikakataa kutii, na kesi ikaendelea mpaka mwaka 1809, ambapo Mahakama Kuu ya Marekani chini ya Jaji Mkuu John Marshall iliamua kwamba jimbo halina uwezo wa kubatilisha hukumu ya mahakama ya shirikisho. Wanasheria wanaisoma hukumu hiyo mpaka leo. Mimi ninamsoma Olmsted, aliyeiteka merikebu akiwa kijana na kungojea haki yake kwa zaidi ya miaka 30.

Little Egg Harbor hiyo hiyo ndiyo iliyokuwa maskani kubwa ya mashua za hati. Ukipita mlango wa bahari na kupanda mto Mullica unafika Chestnut Neck, kijiji kidogo kilichogeuka soko. Vyombo vilivyotekwa viliingizwa huko, shehena ikatangazwa magazetini na kupigwa mnada, kisha mikokoteni ikaipeleka Philadelphia kupitia misitu ya misonobari. Mto huo huo ulipitisha bidhaa za chuma za tanuri la Batsto, lililotengeneza zana za jeshi la George Washington, mkuu wa majeshi ya Marekani. Agosti 1778, baada ya meli ya Venus iliyotoka London kuletwa huko na mali yake kuuzwa, Waingereza waliona sasa yatosha. Walituma manowari na askari 400 hivi chini ya Kapteni Patrick Ferguson, wakiondoka New York tarehe 30 Septemba. Upepo mbaya uliwachelewesha, habari zikawatangulia, na vyombo vilivyoweza kukimbia vikakimbilia baharini. Manowari zao hazikuweza kupanda mto, ikawabidi waende kwa mashua na vyombo vyepesi. Tarehe 6 Oktoba walikichoma kijiji pamoja na vyombo kumi vilivyokuwa vimetekwa. Chestnut Neck hakikujengwa tena. Lakini walipokuwa wanaondoka, manowari yao Zebra ilikwama kwenye fungu mlangoni, wakashindwa kuinasua, wakaichoma wenyewe ili isiangukie mikononi mwa wale waliokuja kuwaadhibu.

Mtu ninayempa nafasi ya kwanza kati ya manahodha wa mashua ndogo ni Adam Hyler wa New Brunswick, mji ulio juu ya mto Raritan. Hakuwa na meli. Alikuwa na mashua moja yenye mzinga na mashua chache za nyangumi, na kwa vyombo hivyo aliifanya Sandy Hook kuwa mahali pa hofu katika miaka ya 1781 na 1782. Alishuka na maji yanayopwa, akashambulia, akarudi na maji yanayojaa. Mto wenyewe ulikuwa sehemu ya silaha zake. Oktoba 1781, akiwa na mashua hiyo ya mzinga na mbili za nyangumi, alivivamia vyombo vitano vilivyotia nanga karibu kabisa na manowari ya ulinzi. Katika robo saa alikuwa amevishika vyote. Alichukua alichoweza kuchukua, akavichoma vinne, na cha tano akakiacha kwa kuwa ndani yake mlikuwa na mwanamke na watoto wake wanne wadogo.

Chombo hicho cha tano kimenikaa moyoni. Hyler alikuwa na dakika chache, adui alikuwa karibu naye, na ngawira ndiyo mshahara wake. Masharti ya hati hayakumlazimisha kuacha chombo. Aliacha.

Januari 1782 Waingereza walipeleka watu 300 kwa mashua mpaka New Brunswick kwa kusudi moja tu la kuziharibu mashua zake, na walifanikiwa. Jeshi lililokuwa na manowari nyingi kuliko jeshi lolote duniani liliona inafaa kuwatuma watu 300 usiku wa baridi kali kwa ajili ya mashua za mbao za mtu mmoja. Hyler aliunda nyingine, na kabla ya mwaka kufika katikati alikuwa amerudi majini. Alifariki Septemba 1782, amani ikiwa imekaribia.

Siwezi kuandika juu ya maji hayo bila kuuliza watu weusi walikuwa wapi, nami nikiwa mtu wa pwani ambayo nayo imeona watu wakihesabiwa kama shehena. Walikuwa pande zote mbili, na mara nyingi kwa sababu moja. Kwenye vyombo vya hati vya Marekani walikuwamo mabaharia weusi huru, kama James Forten wa Philadelphia, aliyepanda Royal Louis mwaka 1781 akiwa na umri wa miaka 14, akatekwa na Waingereza, na hofu yake kubwa ikawa kwamba angepelekwa kuuzwa visiwa vya Karibi. Hofu hiyo haikuwa ya kitoto. Mara nyingi mabaharia weusi waliotekwa walihesabiwa kuwa sehemu ya mali ya chombo, wakauzwa pamoja na sukari na magunia. Forten alinusurika na hilo, na miaka ya baadaye akawa fundi matanga tajiri na mpinzani mkubwa wa utumwa.

Upande wa Mfalme kulikuwa na Titus, mtumwa aliyemtoroka bwana wake katika wilaya ya Monmouth, New Jersey, Novemba 1775, mwezi ule ule ambao gavana wa Virginia, Lord Dunmore, aliwatangazia uhuru watumwa wa waasi watakaopigana upande wa Mfalme. Aliporudi Monmouth aliitwa Kanali Tye, ingawa jeshi la Uingereza halikuwapa watu weusi cheo hicho rasmi. Kutoka kambi ya wakimbizi pale Sandy Hook aliongoza watu weusi na weupe, wakapenya kwenye mahori kwa mashua, wakawakamata maofisa wa wanamgambo waliokuwa wakiwamiliki au kuwatesa watu wao, kisha wakapotea kwenye vinamasi ambavyo Tye alivijua tangu utotoni. Kwa wakulima wa Monmouth alikuwa jambazi. Kwa watumwa wa wakulima hao alikuwa ushahidi kwamba mlango upo. Nikisoma kwamba vita vile vilikuwa vya uhuru, ninalikubali neno hilo, lakini ninalipima pia kwa macho ya Tye.

Tarehe 1 Septemba 1780 Tye na watu wake waliizingira nyumba ya Kapteni Joshua Huddy pale Colts Neck. Huddy alikuwa mwanamgambo mkali aliyechukiwa sana na wafuasi wa Mfalme, na mwezi uliotangulia alikuwa amepewa hati ya kuongoza mashua ya vita iitwayo Black Snake. Kwa saa mbili alipiga risasi kutoka dirisha hadi dirisha huku msichana wa nyumbani, Lucretia Emmons, akimjazia bunduki, mpaka nyumba ilipotiwa moto akajisalimisha. Walipokuwa wanamvusha kwa mashua, wanamgambo waliwafyatulia risasi kutoka ufukweni, mashua ikapinduka, naye Huddy akaogelea akiwa na jeraha la paja mpaka nchi kavu. Tye alikuwa amepigwa risasi ya kifundo cha mkono. Kidonda kikaleta pepopunda, akafa siku chache baadaye.

Huddy naye hakuishi sana. Machi 1782 alitekwa akilinda ngome ndogo ya Toms River, mahali palipokuwa na viwanda vya chumvi na maficho ya mashua za hati, na tarehe 12 Aprili wafuasi wa Mfalme walimnyonga bila hukumu kwenye vilima vya Highlands, wakilipiza kisasi cha mwenzao. Washington alitaka ofisa mmoja wa Kiingereza anyongwe badala yake. Kura ikamwangukia Kapteni Charles Asgill, kijana wa miaka 20 hivi, ambaye aliachiliwa Novemba baada ya mama yake kuomba msaada kwa waziri wa mambo ya nje wa Ufaransa.

Kwa mabaharia wa kawaida, hatari kubwa haikuwa kamba wala risasi. Waliotekwa walifungwa katika meli chakavu zilizoegeshwa ghuba ya Wallabout, Brooklyn, na iliyojulikana zaidi ni Jersey, manowari ya zamani iliyong'olewa milingoti na kuzibwa madirisha ya mizinga. Forten alikaa humo miezi saba. Ndui, kuhara, njaa na hewa mbovu viliwaua wafungwa usiku kucha, na asubuhi walinzi waliwaamuru walio hai wawatoe wafu wao, wakazikwa kwa kina kifupi kwenye mchanga wa ufukwe. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kwamba zaidi ya watu 11,000 walikufa katika meli hizo kwa miaka ya vita. Wengi wao walikuwa mabaharia wa hati. Mabaki yaliyofukuliwa na mawimbi yalikusanywa baadaye, na mwaka 1908 mnara wa kuwakumbuka ulizinduliwa pale Fort Greene, lakini wengi wamo humo bila majina.

Kwenye mlango bahari wa Long Island vita hivi vilichukua sura ninayoiona chungu kuliko zote. Watu wa Connecticut na wa Long Island walikuwa ndugu na marafiki, wameoana, wanadaiana, wanasali kwa namna moja. Wengi wa Long Island walikuwa upande wa mapinduzi, ila tu walikuwa chini ya jeshi la adui. Gavana Jonathan Trumbull wa Connecticut alitoa hati kwa mashua zilizovuka kwenda kukamata bidhaa za Waingereza na kuzuia biashara ya magendo. Lakini mwenye mashua aliyefika ufukweni usiku, akaona nyumba isiyo na mlinzi, alikuwa na kishawishi kikubwa kuliko dhamana aliyoiweka. Milango ilivunjwa, nguo, vijiko vya fedha na vyombo vya jikoni vikachukuliwa kama mali ya adui, hata katika nyumba za watu waliokuwa wakiwasaidia wanamapinduzi kwa siri. Meja Benjamin Tallmadge, aliyesimamia majasusi wa Washington wa Setauket, alilalamika kwa uchungu. Mwaka 1781 Kongresi ilimwomba Gavana Trumbull afute hati zilizoruhusu kukamata mali katika nchi kavu ya Long Island. Wafuasi wa Mfalme nao, waliokimbilia kisiwani na kuacha nyumba zao Connecticut, walivuka usiku kuja upande huu kufanya yale yale.

Kisa kimoja kinanirudia kila mara. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Mei 1779 wafuasi tisa wa Mfalme walivuka kutoka Lloyd's Neck, Long Island, kwa mashua ya nyangumi mpaka Fairfield, Connecticut, wakavunja nyumba ya Jenerali Gold Selleck Silliman, wakamchukua yeye na mwanawe mkubwa William. Mmoja wao alikuwa seremala aliyewahi kufanya kazi nyumbani humo, akijua mlango uko wapi. Mkewe, Mary, aliachwa akiwa mjamzito. Mwezi Julai Waingereza waliuchoma mji wa Fairfield, naye akakimbilia bara, akajifungua mtoto wa kiume mwezi Agosti huku mumewe akiwa kifungoni.

Wamarekani hawakuwa na mateka wa cheo kinacholingana ili wabadilishane, hivyo waliamua kwenda kumtafuta. Novemba 1779 Kapteni David Hawley na watu 25 hivi walivuka kwa mashua, wakatembea kisiwani kwa siri, wakafika nyumbani kwa Jaji Thomas Jones wa mahakama kuu ya New York. Ndani kulikuwa na dansi, hakuna aliyesikia wakibisha. Walivunja mlango, wakamkuta jaji ukumbini, wakaondoka naye. Alipofikishwa Fairfield, Mary Silliman alimwalika kifungua kinywa, kisha akamkaribisha akae nyumbani kwake siku kadhaa. Inaelezwa kwamba jaji alikuwa mzito wa maneno. Sioni ajabu: alikuwa amekaa mezani pa mwanamke ambaye mumewe ameibwa kwa namna ile ile aliyoibwa yeye.

Mabadilishano yalifanyika masika ya mwaka 1780. Chombo kilichombeba jaji kurudi New York kilikutana katikati ya maji na chombo kilichokuwa kinamrudisha Silliman. Mabaharia waliitana, vyombo vikasimama, na wafungwa wawili wakala chakula cha mchana pamoja kabla ya kila mmoja kuendelea na safari yake. Jaji Jones alisafiri kwenda Uingereza mwaka uliofuata. New York ilikuwa imempokonya ardhi zake, naye hakurudi tena. Silliman alishuka Connecticut, akapewa mikononi mtoto wa miezi kadhaa ambaye alikuwa hajapata kumwona. Mtoto huyo aliitwa Benjamin, na ndiye aliyekuja kuwa profesa wa kwanza wa kemia katika chuo cha Yale.